Msaidizi wa Tabia katika Elimu Maalumu: Kazi, Istilahi na Lugha Yake Machakos

Utangulizi

Mji wa Machakos una nafasi katika historia ya elimu maalumu nchini Kenya inayouzidi ukubwa wake. Humo mna chuo cha ufundi cha wasioona, mna shule ya Masaku ya wanafunzi wenye ulemavu wa viungo, na mna shule ya wanafunzi viziwi. Fauka ya hayo, kaunti hiyo ina shule za msingi zenye vitengo maalumu vya watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Walimu wa taasisi za aina hii wameandikiwa mengi. Yuko mtu mwingine ambaye hutajwa kwa nadra: yule aketiye kando ya mtoto mmoja, akauzuia mkono unaotaka kurusha kitabu, akamsindikiza mtoto huyo msalani, akamngoja anapolia, kisha akaandika jambo daftarini wakati wenzake wanaimba. Makala haya yanamhusu mtu huyo. Yanakusudia kueleza kazi yake ni ipi, imetoka wapi, na kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kuifuatilia, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni lugha.

Jina la Kazi

Kazi hii ilifika kabla ya jina lake. Katika shule za bweni aghalabu hufanywa na mama wa bweni. Katika vitengo vya shule za kutwa hufanywa na "msaidizi wa mwalimu", jina linalomfanya msikilizaji adhani kwamba mhusika hugawa vitabu na kupangusa ubao. Katika shule za kibinafsi za mijini husikika "mwalimu kivuli", ambayo ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza. Tafsiri hii ina kasoro. Kivuli humfuata mwenyewe pasipo hiari wala fikira, ilhali anayezungumziwa hapa ameajiriwa ili afikiri. Wazazi wengine husema "yaya", neno lililotujia kutoka Kihindi na ambalo chimbuko lake ni Kireno. Watoto wenyewe humwita "Anti", wakaumaliza mjadala.

Makala haya yanatumia "msaidizi wa tabia", huku yakikiri kwamba jina hili nalo lina mtego. Neno "tabia" asili yake ni Kiarabu, na humo hubeba maana ya maumbile, yaani jambo ambalo mtu amezaliwa nalo na hawezi kulivua. Katika matumizi ya kila siku limeegemea upande wa maadili: mtu ana tabia nzuri au mbaya. Kwa hiyo mzazi aambiwapo kwamba mwanawe atapewa msaidizi wa tabia, husikia kwamba mwanawe hana adabu. Wataalamu wa saikolojia wanalitumia neno hili kwa maana nyingine kabisa. Kwao tabia ni kitendo chochote kinachoonekana na kuweza kuhesabiwa: kupepea mikono, kuuma kidole, kuketi, kuomba maji. Kitendo hicho hakijawa chema wala kiovu. Kina sababu, na sababu hiyo inaweza kutafutwa. Pengo lililopo baina ya maana hizi tatu si la kamusi tu. Msaidizi anayeshikilia maana ya kwanza hukata tamaa, anayeshikilia ya pili huadhibu, na anayeshikilia ya tatu huchunguza.

Majina wanayoitwa watoto nayo yana mashaka yake. Wanafunzi wa ngeli wanaujua mjadala kuhusu "kipofu", "kiziwi", "kiwete" na "kilema", majina ya watu yaliyowekwa katika umbo la KI-VI. Wapo wanaodai kwamba kiambishi hicho kinamshusha mtu hadhi hadi ya kitu. Dai hili lina mantiki lakini halijitoshelezi, kwa sababu "kiongozi", "kijana" na "kinyozi" wamo katika umbo hilohilo wala hakuna aliyelalamika, na yote huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai. Yanayoumiza kweli ni yale yasiyo na kiambishi hicho: "zezeta", "taahira", "punguani". Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Haki hiyo ni ya lugha, na mtu wa kwanza kuilinda au kuivunja darasani, kabla ya hakimu yeyote, ni yule aketiye karibu na mtoto.

Chimbuko

Nchini Kenya, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa, mwanasiasa wa Kitui aliyekuwa waziri katika serikali ya mwanzo ya uhuru, ilichunguza hali ya watu wenye ulemavu mwaka wa 1964, na mapendekezo yake yakazaa waraka wa serikali Na. 5 wa 1968. Vituo vya kuwatathmini watoto vilianza mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikaundwa mwaka wa 1986 huko Kasarani, Nairobi. Juhudi zote hizo zilimlenga mwalimu. Msaidizi hakuwamo katika ramani.

Mambo mawili yalimwingiza. La kwanza ni kupigwa marufuku kwa kiboko shuleni mwaka wa 2001, marufuku iliyotiliwa nguvu tena na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. La pili ni elimu ya msingi bila malipo ya Januari 2003, iliyowaleta darasani watoto waliokuwa wakifichwa au kuachwa nyumbani. Mwaka huohuo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa, ambayo nafasi yake ilikuja kuchukuliwa na sheria mpya ya 2025, na chama cha wazazi wa watoto wenye usonji kikaanzishwa. Mwalimu akajikuta ana wanafunzi wengi zaidi, baadhi yao wakiwa na vitendo ambavyo hakuwahi kuviona, na chombo alichokizoea amenyang'anywa. Swali lililoulizwa katika vyumba vya walimu lilikuwa: sasa tuwaadhibu vipi? Nadharia ya msaada wa tabia haikulijibu swali hilo. Ililibadilisha.

Nadharia yenyewe ina mizizi katika kazi za B. F. Skinner nchini Marekani, aliyechunguza jinsi matokeo ya kitendo yanavyokifanya kitendo hicho kirudiwe au kiachwe. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba watu wa chini kitaaluma walikuwamo tangu mwanzo. Mwaka wa 1959 Teodoro Ayllon na Jack Michael walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saskatchewan, Kanada, ambamo mabadiliko ya tabia yaliletwa na wauguzi wa wodini, si na madaktari. Sababu ilikuwa nyepesi: wauguzi ndio waliokuwa na wagonjwa mchana kutwa. Sababu hiyo ndiyo inayompa uzito msaidizi wa Machakos hadi leo. Mtaalamu wa tathmini humwona mtoto kwa saa moja. Anti humwona kuanzia asubuhi hadi gari linapomfuata.

Daftari la Safu Tatu

Chombo kikuu cha kazi hii ni daftari lililopigwa mistari miwili ya wima, likapata safu tatu. Katika safu ya kwanza huandikwa kilichotangulia, katika ya pili kitendo chenyewe, na katika ya tatu kilichofuata. Urahisi wake unadanganya. Kuandika "alikasirika" katika safu ya kati ni kosa, kwa kuwa hasira haionekani. Kinachoonekana ni kwamba aliupindua ubao wake mdogo, akajipiga kichwani mara nne kwa kiganja cha kulia. Nidhamu hii ya kutenganisha kitendo na tafsiri yake haina tofauti kubwa na ile anayodaiwa mwanafunzi wa fasihi simulizi akusanyapo data nyanjani.

Chukua mfano wa mvulana wa miaka tisa katika kitengo maalumu cha shule ya kutwa. Kila siku baina ya saa tatu na saa nne asubuhi hurusha vitabu na kujiuma mkono. Msaidizi, kwa huruma, humtoa nje akamketisha chini ya mwembe mpaka atulie. Mtoto hutulia upesi, na kila mtu huridhika. Baada ya wiki mbili za kuandika, safu ya kwanza inaonyesha neno moja likijirudia: hesabu. Safu ya tatu nayo inaonyesha neno moja: mwembe. Mtoto amefundishwa, pasipo yeyote kukusudia, kwamba kuuma mkono ndiyo njia ya kuondoka kwenye hesabu. Huruma ya msaidizi ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Mfano wa pili ni msichana asiyesema ambaye huitupa sahani wakati wa chakula cha mchana. Wengi wangehitimisha kwamba ameshiba au anadeka. Daftari linaonyesha kwamba huitupa siku za githeri na haitupi siku za muthokoi. Vyakula hivi viwili vyote ni mahindi na maharagwe, lakini muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, yakatoka ganda. Mtoto huyu hagombani na mtu. Anagombana na ganda la punje mdomoni, kwani watoto wengi wenye usonji huhisi miguso ambayo wengine hawaitambui. Tiba yake iko jikoni.

Kwa jumla, wataalamu wamegundua kwamba vitendo vya namna hii hutumikia haja chache: kupata kitu, kupata uangalifu wa mtu, kuepuka jambo, au kuituliza au kuichangamsha hisi ya mwili. Mwaka wa 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha jambo ambalo limebadilisha mkondo wa taaluma hii. Mtoto akifundishwa njia nyingine ya kuomba kile ambacho vurugu zilikuwa zikimpatia, vurugu hupungua. Kwa maneno mengine, vurugu zilikuwa usemi wa mtu aliyekosa maneno. Kwa hiyo mvulana wa hesabu hupewa kadi yenye picha ya mwembe. Akiitoa kadi, anapumzika dakika mbili, papo hapo, hata kama ndiyo kwanza ameketi. Baadaye ataombwa afanye hesabu moja kwanza, kisha tatu. Akirusha vitabu, hesabu hubaki palepale mezani.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, wala si vyema kulificha jambo hili. Siku za mwanzo ambapo kitendo cha zamani hakizai matunda, kitendo hicho huongezeka kabla ya kupungua. Mtoto aliyejiuma mara mbili hujiuma mara sita. Mzazi akipita dirishani siku hiyo ataona mtoto anaumia na msaidizi anatazama. Msaidizi mwenye akili hatazami tu: huweka kitambaa kizito baina ya meno na ngozi, huwaondoa watoto wengine jirani, na kama hatari ni kubwa huuacha mpango mzima kwa siku hiyo. Kumfunga mtoto kwa kamba au kumfungia chumbani si sehemu ya taaluma hii, hata pale ambapo hufanywa kwa jina lake.

Wazee wana methali isemayo: mcha mwana kulia, hulia yeye. Methali hii imetumiwa miaka mingi kuhalalisha fimbo, ingawa maneno yake hayataji fimbo popote. Kwa kiasi fulani inaafikiana na Skinner: anayekubali kila kilio hukilea kilio. Inapopungukiwa ni kwamba haiulizi mwana analilia nini.

Lugha ya Maagizo

Mtoto wa Machakos aghalabu huja shuleni na Kikamba cha nyanya yake, akakuta Kiswahili cha uwanjani na Kiingereza cha ubaoni. Sera ya lugha inaagiza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, lakini mjini Machakos lugha ya eneo ni ipi? Mtoto asiye na ulemavu huvuka mipaka hii bila taabu. Mtoto mwenye usonji anayeambiwa "ũka" na mama, "njoo" na msaidizi na kwa Kiingereza na mwalimu huenda akayachukua kama maagizo matatu yasiyohusiana. Kinachosaidia ni makubaliano: nyumbani na darasani wachague neno moja kwa kila agizo la lazima, kutoka lugha yoyote, nao walishike. Msaidizi asiyekijua Kikamba anaweza pia kupotoshwa na sauti. Mtoto kutoka kijijini Kathiani asemapo "manzi" anaomba maji; kijana wa mjini aliyelelewa katika Sheng ataelewa kwamba anamtaja msichana, akacheka, na kiu ikabaki.

Muundo wa Kiswahili wenyewe una changamoto zake, ambazo hazijatafitiwa kwa kiwango zinachostahili. Wakufunzi wa wasaidizi husisitiza kwamba mtoto aambiwe la kutenda badala ya la kutotenda: "tembea" ni bora kuliko "usikimbie". Sababu inayotolewa ni ya jumla, kwamba katazo halimwambii mtoto afanye nini. Katika Kiswahili iko sababu ya ziada, ya kifonolojia. Mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "kimbia" mkazo uko kwenye "mbi", na katika "usikimbie" uko kwenye "mbi" vilevile. Ukanushi wote umebebwa na silabi mbili za mwanzo ambazo hazina mkazo. Mtoto anayedaka sehemu nzito tu ya neno, katika ukumbi wenye kelele, yamkini amesikia agizo lilelile ambalo msaidizi alidhani amelikataza. Akikimbia, ametii.

Semi nazo ni mtihani. Watoto wengi wenye usonji huchukua maneno kama yalivyo, na Kiswahili kimejaa vitenzi vilivyopotea mbali na maana yao ya msingi. Fikiria kitenzi "piga" kwa siku moja ya shule: piga mstari, piga makofi, piga magoti, piga picha, piga mswaki, na wakati huohuo, usimpige mwenzako. Mtoto anayeambiwa "piga mstari" akaupiga mstari kwa ngumi hana dharau. "Tega sikio" na "funga mdomo" ni za kundi hilohilo. Msaidizi mzoefu huandika daftarini orodha ya semi za aina hii na kuzibadilisha moja baada ya nyingine: chora mstari, sikiliza, nyamaza. Wanaotafiti isimu matumizi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta data.

Jambo la tatu linahusu viwakilishi. Leo Kanner, aliyeieleza hali ya usonji kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka wa 1943, aliona kwamba baadhi ya watoto hubadilisha nafsi: hujiita "wewe" na kumwita msikilizaji "mimi". Sababu mojawapo ni kwamba mtoto hurudia sentensi nzima kama alivyoisikia. Mtoto anayetaka maji husema "Unataka maji?" pamoja na kiimbo cha swali, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yanayosikika kabla ya maji kuja. Kwa Kiingereza nafsi ni neno kamili linaloweza kutenganishwa na kuonyeshwa kwa kidole. Kwa Kiswahili imejificha katika kiambishi kifupi mwanzoni mwa kitenzi, mahali pasipo na mkazo. Kumsahihisha mtoto kwa kumwambia "si unataka, sema nataka" ni kumzidishia msitu. Njia ifaayo ni msaidizi kuliacha swali kabisa. Huinua kikombe, akasema kwa sauti ambayo angependa mtoto aitumie: "Nataka maji." Mtoto akirudia kama mwangwi, mwangwi huo umekuwa sahihi, na maji hutolewa pale pale.

Mahali pa Msaidizi Shuleni

Tume ya Kuwaajiri Walimu huajiri walimu. Wafanyakazi wasio walimu wa shule za umma huajiriwa na bodi za usimamizi, ambazo hulipa kulingana na kilichomo mfukoni. Pale bodi inaposhindwa, wazazi huchangishana au mzazi mmoja humlipa mtu wake. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa mwenye nacho hupata msaidizi na mtoto wa asiye nacho huambiwa asubiri nafasi, au mama yake huacha kibanda chake sokoni akaja kuketi darasani mwenyewe. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008, na kifungu cha 24 cha mkataba huo kinataka kila mwanafunzi apewe msaada unaomfaa yeye binafsi. Sera ya elimu ya 2018 ikasisitiza elimu jumuishi, yaani mtoto asomee pamoja na jirani zake. Msaada unaoahidiwa ni mtu, na mtu huhitaji mshahara. Shule ikimlipa msaidizi kama kibarua itapata kibarua, naye ataondoka mara apatapo kazi bora katika viwanda vya Athi River.

Hata hivyo, kuwa na msaidizi hakumalizi mambo. Mwaka wa 1997 Michael Giangreco na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wasaidizi wanaowaganda wanafunzi. Waligundua kwamba mwalimu huacha kumfundisha mtoto aliye na msaidizi, wenzake huacha kumkaribia, na mtoto mwenyewe hungoja kuguswa kabla ya kutenda. Yeyote anayezifahamu shule zetu ataitambua picha hii: mwalimu anauliza darasa zima swali, na zamu ya mtoto huyo inapofika anamtazama Anti. Kwa hiyo mpango mzuri hujumuisha tangu mwanzo namna msaada utakavyopungua. Wiki hii msaidizi anaushika mkono wa mtoto anapoandika, wiki ijayo anagusa kiwiko, kisha anaelekeza kwa kidole, kisha anasogeza kiti chake nyuma hatua mbili. Ni kazi ngeni ambayo mtu hupimwa kwa jinsi anavyojifanya asihitajike, ilhali mkataba wake unaisha siku asipohitajika. Bodi za shule zingeweza kulitatua hilo kwa kumwajiri msaidizi kwa ajili ya kitengo kizima badala ya mtoto mmoja, na baadhi ya walimu wakuu wamekuwa wakisema hivyo.

Linabaki suala la daftari. Msaidizi anapoondoka, mara nyingi katikati ya muhula, maarifa yote kuhusu kadi ya mwembe, ganda la githeri na neno lililochaguliwa kwa ajili ya "njoo" yamo ndani ya kurasa zilizoandikwa kwa mchanganyiko wa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, kwa vifupisho ambavyo mwandishi pekee ndiye anayevielewa. Hakuna fomu sanifu ya Kiswahili ya kurekodia tabia, wala orodha ya istilahi iliyokubaliwa. "Kitangulizi", "kiimarishi" na "kidokezo" hutumiwa na huyu kwa maana hii na na yule kwa maana nyingine. Idara za Kiswahili zimeunda istilahi za kompyuta na za sheria. Za daftari hili hazizidi maneno arobaini, na wanaozihitaji wako umbali wa saa moja na nusu kwa matatu kutoka Nairobi.